Utando Juu ya Mchanga

Tok, tok, tok.

Nyumba ilikuwa bado giza, na sauti ilitoka jikoni: kijiko cha mti kikigonga ubavu wa kopo. Sabuni hakuhitaji kufumbua macho. Mama yake alikuwa anakoroga dawa ya klorini, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu jana, alikuwa anakoroga kwa masikio. Unga ukiwa haujayeyuka, kijiko hukwaruza chini ya kopo. Ukishayeyuka, mkwaruzo hupotea, inabaki tok, tok tupu. Hapo mama hufunika kopo na kulifunga kwa kitambaa.

"Umeamka?" mama aliuliza.

"Nimeamka."

"Basi mwamshe mdogo wako, mkaoge. Na usimsugue mpaka alie kama jana."

Sabuni alicheka chini ya shuka. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani alikuwa Sabuni tu. Shangazi yake ndiye aliyempa jina hilo, siku alipomkuta, akiwa na miaka mitatu, amekaa kwenye beseni anaiosha sabuni yenyewe ili iwe safi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa amepona. Kola ya sare yake ilikuwa nyeupe kuliko kurasa za daftari. Sahani ikitoka kuoshwa na mtu mwingine, yeye aliirudia.

Mama yake alikuwa mtunzaji wa chujio la maji la mtaa, na kazi hiyo ilihitaji maelezo kidogo kwa kila mgeni. Mtaa mzima ulikunywa maji ya bwawa. Joto lilipozidi, bwawa lile liligeuka kijani, si kijani cha majani bali kijani cha rangi ya kupaka milango. Huo ni mwani, na mwani wa namna ile hutoa sumu usiyoiona wala kuinusa. Mwaka juzi mbuzi saba walikunywa ukingoni wakafa kabla ya jioni, na watoto wakalazwa kwa kutapika. Watu walidhani wakichemsha maji wataokoka. Wapi. Sumu ile haijali moto.

Ndipo likajengwa chujio: birika kubwa la zege, pana kama chumba cha darasa, limejazwa mchanga na kufunikwa kwa mabati. Maji ya bwawa yaliingia juu, yakashuka polepole katikati ya mchanga, yakatokea chini na kwenda kwenye tangi dogo. Katika tangi hilo la mwisho ndimo mama alimomimina dawa yake, kikombe kimoja kila asubuhi. Kutoka hapo maji yalikwenda bombani, na watu wakakinga ndoo zao.

Sasa, juu ya mchanga ule kulikuwa na utando. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, unateleza, na ukiugusa ulikuachia ute kwenye vidole. Sabuni aliuona mara moja tu, akaosha mikono mara tatu.

"Hao ni wafanyakazi wangu," mama alimwambia siku hiyo. "Ni vijidudu, wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa mtaa huu. Sumu ya mwani kwao ni chakula. Wanaikata vipande vipande, wanaimaliza. Na hawaombi likizo."

"Lakini wananuka, mama."

"Na wewe ukifanya kazi usiku na mchana utanukia nini? Waridi?"

Sabuni hakuridhika. Uchafu ni uchafu, alijisemea, hata ukipewa cheo.

Asubuhi hiyo alimsindikiza mama mpaka bombani, kwa sababu shule ilikuwa njia hiyo hiyo. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye ukuta wa kinyozi. Mama aliwasalimia watu, wachache wakaitikia. Mambo yalikuwa yameharibika tangu wiki iliyopita, pale Mama Pacha, mwanamke wa nyumba ya pili kutoka bombani, alipoinua bati la chujio kuchungulia. Alipoona utando alipiga kelele hadi mwashi aliyekuwa akijenga jirani akashuka kwenye ngazi. Akaupiga picha kwa simu, na kabla ya magharibi hakukuwa na simu mtaani ambayo haikuwa na picha ya utando.

"Leo umetuwekea kamasi ya aina gani, mama mtunzaji?" Mama Pacha aliuliza. Hakucheka. Pacha wake wawili, wavulana wa miaka mitano, walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa.

"Maji ni yale yale, dada," mama alijibu. "Tena yamepimwa Alhamisi iliyopita."

"Yamepimwa na nani? Na yule Bwana Kipimo wenu? Anakuja na vikaratasi vyake, anatikisa kichwa, anapanda pikipiki, kwaheri. Yeye anakunywa?"

"Anakunywa. Mlimwona wenyewe."

"Mimi nyumbani kwangu kukiwa na utando kama ule nitaona haya kumfungulia mgeni mlango," alisema mwanamke mwingine nyuma. "Huyu anaupamba."

"Aoshe tu," alisema mzee mwenye baiskeli. "Kazi yake ni kusafisha. Asiyeweza, ampishe anayeweza."

Mama aligeukia bomba. Alifungua koki, akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Sabuni aliangalia viatu vyake mwenyewe mpaka mdogo wake alipomvuta mkono.

Shuleni ilikuwa vile vile, ila bila adabu. Msichana aliyekaa naye dawati moja alikuwa ameweka mkoba katikati, kama ukuta. Mtu alikuwa amechora konokono kwenye ubao na kuandika chini yake: Binti Kamasi. Mwalimu aliufuta bila kuuliza. Wakati wa mapumziko Sabuni alikwenda kunywa maji, na mvulana mmoja mrefu akakitoa kikombe mdomoni mwake na kukirusha kwenye majani.

"Hicho sasa ni chake," aliwaambia wenzake. "Nani atakigusa?"

"Mama yake anafuga kamasi."

"Anazipa majina. Hii Rehema, hii Zawadi."

Wote walicheka. Sabuni angeweza kuvumilia kuitwa mwizi. Angeweza kuvumilia kuitwa mjinga, maana alama zake zingemtetea. Lakini yeye, aliyepiga pasi hata soksi, kuitwa mchafu? Alikiokota kikombe kwenye majani, akakiosha, akakirudisha mahali pake. Hakuna aliyekitumia tena siku hiyo.

Siku ya Jumanne, alipotoka shule, alimkuta mama amesimama kwenye geti la chujio, mdogo wake mgongoni.

"Ana homa. Nampeleka zahanati," mama alisema haraka. "Kaa hapa mpaka nirudi. Usifungue kitu, usiguse kitu. Akija mtu, mwambie mama anarudi sasa hivi."

"Haya, mama."

Mama alimpa funguo za geti na za stoo, akaenda zake mbiombio, miguu ya mtoto ikining'inia.

Sabuni alikaa kwenye jiwe. Kulikuwa kimya, sauti ya maji tu. Alifikiri juu ya konokono wa ubaoni. Alifikiri juu ya mama akisimama mikono nyuma. Kisha akafikiri jambo ambalo lilimjia kama kitu kilichokuwa wazi siku zote: dawa ile ile inayosafisha maji kwenye tangi la mwisho, kwa nini isiwekwe mwanzo, kwenye uchafu wenyewe? Watu wazima wengine huzoea kitu mpaka hawakioni tena. Mama alikuwa na kazi nyingi. Angerudi akute mchanga unang'aa. Kesho Mama Pacha angeinua bati na kukosa la kupiga picha.

Alifungua stoo. Alijifunga kitambaa puani. Alifunga koki ya maji ya kuingia, akainua bati, akangoja maji yashuke mpaka mchanga ukaonekana, kisha akaingia na reki, peku, suruali ya michezo imekunjwa magotini. Utando uling'oka vipande vipande kama ngozi juu ya uji uliopoa. Aliukusanya kwenye ndoo na kuutupa kichakani, ndoo baada ya ndoo. Halafu akachukua kopo kubwa la unga wa klorini, lile la mwezi mzima, akalikoroga lote kwenye maji na kulimwagia mchanga kutoka ukuta hadi ukuta. Macho yalimwasha. Viganja vilimchoma. Hakuacha.

Alipomaliza, mchanga ulikuwa mweupe kama sukari. Alifungua koki, maji yakaanza kupanda juu yake, dawa ikayatoa ukijani, yakawa meupe, safi, mpaka unaona punje moja moja. Sabuni alisimama ukutani akautazama na moyo wake ukajaa. Kwa mara ya kwanza tangu chujio lijengwe, alisikia fahari nalo.

Mama alirudi jua likizama, mtoto amelala begani, mwenyewe amechoka hata sauti imempungua.

"Kuna aliyekuja?"

Sabuni alikuwa amejiandaa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: njoo uone, mama. Lakini alikumbuka, "usiguse kitu," na uso wa mama haukuwa uso wa kuonyeshwa jambo la ghafla. Akaona heri mama aje alione mwenyewe, afurahi kwanza ndipo aulize.

"Hakuna," alisema.

Lakini kesho yake mama hakuinua bati. Mtoto alikesha analia, mama akatoka mbio, akamimina kikombe chake cha dawa aliyokoroga nyumbani kwenye tangi la mwisho, akarudi mbio. Na jioni hiyo, bombani, watu walisema kuwa pacha wote wawili wanatapika.

Sabuni alisikia akiwa ameshika ndoo. Si lazima iwe maji, alijiambia. Watoto wa miaka mitano hula chochote. Alijiambia hivyo hadi akalala, na asubuhi akaendelea kujiambia.

Alhamisi Bwana Kipimo alifika saa moja na nusu, kama kawaida, na pikipiki yake iliyofungwa sanduku. Alikuwa mtu mkavu, mwembamba, asiyesalimia kabla ya kupima. Alikinga maji ya bomba kwenye kichupa, akachovya karatasi yake ndogo, akaangalia saa. Foleni nzima ilimwangalia yeye. Sabuni alikuwa pale na sare yake, hakuweza kuondoka.

Kila mtu alijua jinsi ya kusoma ile karatasi. Mstari ukitokea mwekundu vizuri, maji ni salama. Mstari ukififia, sumu ipo.

Mstari haukutokea kabisa.

Bwana Kipimo alichovya karatasi ya pili. Kisha, bila kusema neno, alifunga koki kubwa na kutoa kufuli mfukoni.

"Hakuna mtu kunywa maji haya," alisema. "Wala kupikia. Wala kuchemsha, msije mkanidanganya kwamba mmechemsha. Yamwageni."

Kelele zilianza nyuma na kuja mbele. Mama Pacha alisukuma watu mpaka akafika.

"Wanangu wamekesha kwenye beseni," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kutisha kuliko kelele. "Wewe mwanamke, umewalisha nini wanangu?"

Mama alikuwa ameshakwenda kwenye chujio. Bwana Kipimo alimfuata, akainua bati, akasimama. Aliinama akanusa. Alichota mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole, mweupe kama chumvi, hauna ute hata kidogo.

"Nani aliyewaua?" aliuliza.

Mama aliangalia mchanga. Aliangalia reki, iliyokuwa imeoshwa na kusimamishwa ukutani, meno juu, kama inavyosimamishwa nyumbani kwao na mtu mmoja tu. Kisha akageuka polepole akaangalia mikono ya binti yake, aliyekuwa amewafuata. Ngozi ya viganja ilikuwa imeanza kubanduka.

Sabuni aliificha nyuma.

"Nimekuuliza, mtunzaji," alisema Bwana Kipimo.

"Chujio liko chini yangu," mama alisema. "Ukiandika, andika mimi."

Jioni hiyo jikoni kulikuwa na sauti ya kisu tu, mama akikata vitunguu. Sabuni alisimama mlangoni.

"Ni mimi, mama."

"Najua."

"Nilitaka pawe safi. Nilifikiri dawa ile ile ya..."

"Najua ulichofikiri. Nimekaa nalo tangu asubuhi." Mama aliweka kisu chini. Hakuwa amewahi kumwangalia binti yake kwa macho yale. "Nilikwambia usiguse kitu. Ukagusa. Hilo ni la utoto, ningekuchapa maneno leo na kesho tungecheka. Lakini jana ulisikia pacha wanaumwa. Ulikuwa pale, na ndoo mkononi. Ukarudi hapa ukala, ukaosha vyombo, ukalala. Mtaa mzima umelala umekunywa sumu na wewe unajua."

"Sikujua kama ni..."

"Ulijua kidogo. Kidogo kile kilitosha kuniamsha."

Sabuni alilia. Kati ya kwikwi alimwambia yote: konokono, kikombe, Binti Kamasi, mkoba katikati ya dawati. Mama alisikiliza akiwa amesimama, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Mwishowe alivuta kigoda akakaa, akamvuta mtoto kwake, akavifungua vile viganja na kuvipaka mafuta, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Hukuniambia," alisema.

"Na wewe walikuwa wanakutukana. Sikutaka kukuongezea."

Mama alifunika kopo la mafuta. Baadaye alisema, "Kamati ya maji itakaa siku chujio litakapopona. Wanataka kunitoa. Niliyoyasoma usiku na nyie mmelala, vyeti vile viwili, yalikuwa kwa ajili ya kazi hii. Mimi nitawaambia ni uzembe wangu kukuacha na funguo, na ni kweli. Lakini nani alimwaga, sitalisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lina mwenyewe. Nikikulazimisha useme, maneno yatakuwa yangu na mdomo tu ndio wako."

Siku ya tatu Bwana Kipimo alirudi na magunia mawili mabichi, yanayochuruzika. Alikuwa ameyatoa kwenye chujio la mbali, lenye miaka sita: mchanga wenye utando wake, hai.

"Nataka mtu wa kushika koleo," alimwambia mama. "Huyu hapa mbona ana mikono?"

Basi Sabuni akaingia birikani tena. Kwanza waliusafisha mchanga wa zamani kwa maji ya bwawa mpaka harufu ya klorini ikaisha. Kisha wakatandaza ule mpya juu, polepole, kama wanaolaza mtoto. Ute uliingia kati ya vidole vyake vya miguu. Hakuosha.

"Kwa nini dawa kwenye tangi la mwisho haidhuru, ila hapa inadhuru?" aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu mle hakuna wa kuua isipokuwa viini vya kuharisha, na hao tunataka wafe. Kikombe kimoja kinatosha. Sumu ya mwani hakiiwezi. Hiyo ni kazi ya hawa huku juu." Bwana Kipimo hakuinua uso. "Aliyemwaga dawa hapa alipata maji ya kupendeza siku moja. Kesho yake dawa ilikuwa imeshapita na maji, na wafanyakazi wamekufa. Sumu ikashuka bila kuulizwa na mtu. Maji yalikuwa meupe kweli. Meupe na yenye sumu."

Sabuni alisukuma koleo mara mbili zaidi.

"Ni mimi niliyemwaga."

Mtu yule aliacha kutandaza. Alimwangalia Sabuni, kisha akamwangalia mama, aliyekuwa juu ukutani.

"Nilidhani hivyo," alisema kwa ukali. "Na wewe mama unakubali kuchafuliwa jina? Unamlea mwoga."

"Mwanangu si mwoga," mama alisema. "Ana miaka kumi na miwili. Mpe muda."

"Muda." Bwana Kipimo alitema pembeni, nje ya birika. Halafu akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Sabuni. "Sikiliza, binti. Mimi napima maji, sipimi watu, kwa hiyo nitakwambia mara moja. Kosa la kutojua, nimekuja na gunia lake. Unaona, linatandazwa, tunangoja, linapona. Lakini kosa la kuficha, sina gunia lake popote. Ungesema jioni ile ile, tungefunga koki usiku na hakuna mtoto angetapika. Siku mbili za kimya chako ndizo zilizowaumiza, kuliko dawa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, shika koleo. Pale pembeni umeacha shimo."

Kisha walingoja. Kwa wiki tatu watu walifuata maji kwenye kisima cha mbali, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kila aliyepita mbele ya nyumba ya mtunzaji alihakikisha anapita na neno. Pacha walipona baada ya siku nne, lakini mama yao hakupona hasira. Alitua ndoo yake mlangoni kila jioni, akapumzika hapo hapo makusudi, na kusema kwa sauti, "Wengine tunabeba, wengine wamelala kazini." Mara mbili Sabuni alifungua mlango ili aseme. Mara ya kwanza Mama Pacha alimwangalia tu, na yeye akaurudisha mlango. Mara ya pili alisema, "Shikamoo," akajichukia usiku kucha.

Kila Alhamisi Bwana Kipimo alichovya karatasi. Wiki ya kwanza, hakuna mstari. Wiki ya pili, mstari hafifu kama wa penseli iliyofutwa. Chini ya bati, utando ulikuwa unarudi, kwanza madoa, kisha mabaka, kisha shuka zima la kahawia. Sabuni alikwenda kuutazama kila alipotoka shule. Aliziba pua, lakini alikwenda.

Alhamisi ya tatu mstari ulitokea mwekundu, mnene. Bwana Kipimo alipima mara tatu kwa sababu ya tabia yake. Kisha akakinga kikombe, akakinywa chote mbele ya watu, akafungua kufuli. Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua mkono kabla ya ndoo ya kwanza kutangulia.

"Maji yamerudi, tunashukuru," alisema. "Linabaki la mtunzaji. Tulikubaliana tulimalize leo."

"Limeshamalizika," alisema Mama Pacha. "Atoe funguo."

"Atoe," walisema wengine. Mzee wa baiskeli aligonga kengele yake, kring, kama anayepiga kura.

Mama alikuwa ameshazishika funguo mkononi. "Nilimwacha mtu asiyefaa kuachwa na funguo hizi," alisema. "Kosa hilo ni langu, na nawaomba radhi, hasa wewe, dada. Wanao walikuwa kama wangu walipokuwa wanaumwa."

"Mtu gani?" mwenyekiti aliuliza. "Mtaje."

"Simtaji."

Minong'ono ilipanda. "Hakuna mtu. Ni yeye mwenyewe." "Anatafuta pa kujifichia."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa shati. Ilionekana hakuipenda kazi hiyo. "Kamati haimtoi mtu kazini kwa kosa lililofanywa na mwingine," alisema. "Tutampa onyo la funguo, basi. Lakini mpaka sasa huyo mwingine hatumwoni. Kama hayupo, mama, itabidi unipe." Akanyoosha kiganja.

Sabuni alikuwa nyuma, karibu na ukuta wa kinyozi. Yule mvulana mrefu wa shuleni alikuwa kwenye foleni na ndoo ya nyumbani kwao, na msichana wa dawati alikuwa pembeni yake. Hata mwalimu alikuwepo. Sabuni alitembea. Watu walimpisha kwa sababu walidhani anamwendea mama yake, lakini alimpita. Alikanyaga ukingo wa zege wa bomba, akapanda juu yake ili aonekane. Mama Pacha alikuwa hatua moja tu mbele yake, na Bwana Kipimo alikuwa ameacha kufunga sanduku lake.

Mama alitikisa kichwa kidogo sana, si kumkataza wala kumsukuma, na funguo zikabaki mkononi mwake, hazijafika kwenye kiganja cha mwenyekiti.

"Dawa niliimwaga mimi, nikanyamaza," alisema Sabuni.